Boila imezima, waranti imeisha na bima huna: kabla hujatoa hela

Baridi ikianza tu simu za ofisini kwetu zinakuwa za namna moja. Boila, yaani ile mashine ya gesi inayopasha maji ya bombani na kuleta joto ndani ya nyumba, imezima, waranti imeisha, bima hakuna, fundi kaja kaangalia dakika tano kasema nunua mpya, na hela ya mpya haipo. Malalamiko ya hivi yamekuwa mengi mpaka tumeona bora tuandike, na mimi ni mtu wa usalama wa vifaa vya gesi kwa hiyo mnivumilie nikirudiarudia habari za leseni.

Nianze na waranti maana hii inanichosha. Waranti ya miaka kadhaa sio ruhusa ya kukaa miaka kadhaa bila sevisi. Watengenezaji wengi wanataka sevisi kila mwaka, ifanywe na fundi mwenye leseni, na iandikwe kwenye kitabu cha boila, ukiruka mwaka mmoja wanaweza kukataa dai lote. Ila na nyie mnaosema "sina waranti" wengi hamjaangalia. Kama pampu ilibadilishwa juzijuzi, ile pampu yenyewe inaweza kuwa na garantii yake, na kazi ya fundi pia, hata kama boila ni kuukuu. Tafuta risiti kwanza.

Na bima, jamani, haikatwi leo kwa boila iliyokufa wiki iliyopita. Bima nyingi za boila zina muda wa kusubiri mwanzoni na hazilipi tatizo lililokuwepo kabla, fundi wao akifungua anaona kutu ya miezi, sasa wewe ulidai imeharibika jana. Hapo sio tu kwamba dai linakataliwa, mkataba unaweza kufutwa, jina lako likabaki kwenye kumbukumbu zao, na udanganyifu wa bima ni kosa la jinai, unaweza kufikishwa mahakamani. Tunaletewa hizi kesi na mtu anashangaa kweli kweli.

Sasa hela. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kutafuta mkopo kabla hajajua kimeharibika nini. Hela ya kutafuta tatizo na hela ya kutengeneza ni vitu viwili, uliza kila moja peke yake. Fundi akija tu analipwa kiasi gani, hiyo inafunika muda gani, kodi imo au haimo, na ukikubali atengeneze yeye je inakatwa kwenye bili? Kabla hujampigia piga picha namba ya hitilafu inayosoma kwenye skrini na kile kibandiko chenye modeli na namba ya mashine. Ukiwa na hivyo viwili unaweza kuwapigia mafundi watatu ukapata makadirio bila kumlipa hata mmoja nauli.

Alafu kuna matatizo ambayo hayahitaji fundi kabisa. Angalia geji ya presha boila ikiwa imepoa, kwa zile za mfumo uliofungwa (maji yanazunguka humo humo bila tangi la darini) nyingi zinatakiwa ziwe kati ya baa 1 na 1.5, baa ikiwa ni kipimo cha presha, ikishuka sana boila inagoma kuwaka. Kuongeza maji ni kufungua ile valvu ya kujazia taratibu mpaka sindano ifike hapo, kisha UNAFUNGA, maana kuna wanaosahau. Kama kitabu chako hakionyeshi valvu iko wapi usibahatishe. Kwenye baridi ya kugandisha, lile bomba jembamba la plastiki linalotoa maji nje linaziba kwa barafu na boila inaguguma kisha inazima, limwagie maji ya uvuguvugu, sio yanayochemka, halafu bonyeza kitufe cha riseti mara moja. Mara moja, sio mara kumi. Ikikataa tena inakuambia kitu.

Presha ikishuka kila baada ya siku chache kuna mahali panavuja. Ila ikipanda karibu na baa 3 boila ikipata moto, na lile bomba la kupunguzia presha lililotokeza nje linadondosha maji, mara nyingi ni tangi la upanuzi, lile dogo lenye hewa linalopokea maji yanapotanuka, limepoteza hewa, na mara nyingine linajazwa upya tu bila kubadilishwa. Hili ndo watu wanaambiwa "boila imeoza". Maji ya bombani yakiwa moto na radieta zote (vile vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba) baridi, muulize fundi kuhusu valvu ya kugawa maji moto kati ya bomba na radieta kabla hajataja boila mpya. Lakini kibadilisha joto kikubwa, pale moto wa gesi unapopasha maji, kikipasuka kwenye boila ya miaka kumi na kitu, hapo mimi mwenyewe nisingetengeneza, na afadhali ujue mapema.

Kulipa: omba kotesheni ya maandishi inayotenganisha spea na ufundi. Advansi ya spea inakubalika kama namba ya spea imeandikwa, advansi ya bili yote hapana. Ukilipa kwa awamu usiangalie rejesho la mwezi, angalia jumla utakayokuwa umelipa mwisho. Muulize anayekuuzia gesi kama ana mfuko wa wateja waliokwama, hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mzee au mgonjwa. Na kama umepanga, acha kwanza kutoa hela yako, soma mkataba, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, maana mara nyingi hilo deni sio lako.

Boila ikiwa imezima usijipashe joto kwa jiko la mkaa ndani wala kwa kuacha oveni ya gesi wazi. Vinaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na sumu yake inaanza kama kichwa kuuma na kichefuchefu ambacho ukitoka nje kinapungua.

Ndo maana fundi wa bei chee asiye na leseni simkubali hata kama ni shemeji yako. Kugusa gesi bila leseni nchi nyingi ni kosa la faini au kifungo kwake, na kwako bima ya nyumba inaweza kukataa kulipa moto ukitokea. Muombe kitambulisho, soma na nyuma, kwa sababu leseni zinaweza kutaja aina ya kazi na wa majiko sio lazima awe wa boila. Fundi akifunga gesi na kubandika lebo ya hatari, usiibandue uwashe "kidogo tu mpaka kesho". Hiyo nayo inaweza kukupeleka kwenye adhabu, na kusema kweli adhabu ndo jambo dogo hapo.

Kazi ikiisha mwambie akuachie spea ya zamani na akuandikie alichobadilisha, tarehe na namba ya leseni yake. Tatizo likirudi unamwandikia yeye kwanza, unampa muda wa kujibu, kisha ndo unakuja kwetu na zile barua, risiti na ile spea. Ukija na maneno matupu tutakurudisha ukaanze na barua, na hilo tunalifanya kila siku.