Kipanya Kikigoma, Usikimbilie Kitufe cha Kuwashia

Malalamiko mengi yanayofika katika kitengo chetu cha TEHAMA yanahusu kazi zilizopotea, na tunapouliza ilikuwaje, jibu huwa lilelile: kielekezi (mshale wa kipanya kwenye skrini) kiliganda, mtumiaji akashikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazimika. Ieleweke kwamba huko ni kukata umeme ghafla. Kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea, na faili lililokuwa likiandikwa kwenye diski huweza kuharibika.

Bonyeza kwanza Caps Lock na utazame taa yake. Ikiwa inawaka na kuzimika kila unapobonyeza, kompyuta ingali hai. Isipobadilika, huenda mashine nzima imekwama na kipanya kinasingiziwa tu.

Kompyuta ikiwa hai, hifadhi kazi kwa Ctrl na S kabla ya kugusa kitu kingine. Kipanya cha waya kichomolewe na kuchomekwa katika tundu jingine la USB la kompyuta yenyewe, isipokuwa vile vya zamani vyenye plagi ya duara ya PS/2, ambavyo havikuundwa kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Cha pasiwaya kikaguliwe swichi ya chini, betri na kipokezi (kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB), kwa kuwa kipokezi cha gigahezi 2.4 kilichobanana na kifaa cha USB 3.0 huweza kuingiliwa mawimbi. Kigeuze kipanya pia: unywele mmoja uliolala kwenye tundu la kihisio unatosha kukifanya kielekezi kirukeruke, nao hutolewa kwa kijiti cha pamba, si kwa kukigonga kipanya mezani, tabia ambayo bado tunaishuhudia kwa watu wazima.

Kwa wanaotumia Windows, vitufe vya Alt na Shift vya kushoto vikibonyezwa pamoja na Num Lock, kisha Enter, tarakimu za upande wa kulia wa kibodi huendesha kielekezi, na 5 hubofya. Utaweza kufunga programu zako kwa utaratibu.

Yote yakishindikana, toa taarifa ukitaja aina ya kipanya, matundu uliyojaribu, hali ya taa ya Caps Lock, na kama kipanya hicho kinafanya kazi kwenye kompyuta nyingine. Taarifa isiyo na maelezo hayo hurudishwa kwa aliyeituma ikamilishwe, na anayefungua kasha la kompyuta kabla fundi hajafika huandikiwa gharama za matengenezo, hata kama kilichoharibika ni kipanya peke yake.