Kuni ngumu, kuni mbichi

Juzi tena nimeitwa mtaa wa Karen, Nairobi, kusafisha dohani, nikakuta lami nyeusi inang'aa ndani ya bomba kama imepigwa vanishi. Mwenye nyumba akaniambia kwa fahari, "Lakini fundi, sisi hapa tunachoma mutamaiyo tupu." Yaani mzeituni mwitu. Ni kweli. Mutamaiyo tupu na maji tele.

Sijui nani aliwaambia watu kwamba mti ukiwa mgumu basi kuni zake ni nzuri, na kwamba saiprasi ndiyo inayoziba dohani kwa sababu ina utomvu. Saiprasi kavu katika jiko lenye hewa ya kutosha huungua safi kabisa. Inaisha haraka na inarusha cheche ukifungua mlango, basi. Dohani chafu kuliko zote ninazokutana nazo ni za watu wa miti migumu.

Kilo moja ya mti wowote uliokauka kabisa hutoa joto la takriban megajuli 18 hadi 20. Mwati, mkaratusi, mgrevilea, mutamaiyo, saiprasi, wote wamo humo, na wenye utomvu huwazidi wenzao kidogo. Tofauti iko kwenye ujazo: mita moja ya ujazo ya saiprasi kavu ina kilo 450 hivi, ilhali mutamaiyo hukaribia 1,000. Kwa hiyo kipande kimoja cha mutamaiyo hudumu, na makaa yake utayakuta asubuhi. Ni sifa nzuri, nami naipenda. Ila haikuambii chochote kuhusu ukavu, na mti mzito ndio unaochelewa zaidi kukauka.

Sasa maji. Kilo ya kuni yenye maji asilimia 20 ya uzito wake inakupa megajuli 14 hivi. Yenye asilimia 45 inakupa 9. Watu hudhani joto lote lililopotea limetumika kuchemsha maji, kumbe kazi hiyo hula megajuli 1 tu. Zilizobaki hazikuwepo tangu mwanzo, maana ulilipia maji ukidhani ni mti. Lakini hasara ya dohani inatoka kwingine. Sehemu kubwa ya kuni hugeuka gesi kabla ya kuungua, na mwali unaouona ni gesi hiyo ikiwaka. Inahitaji joto la nyuzi 600 hivi ili iungue vizuri. Mvuke ukishalipoza jiko, gesi inapanda mbichi, inagusa bomba la baridi na kuganda kuwa lami. Lami nayo hushika moto. (Ukilibana tundu la hewa usiku kucha utapata lami hata kwa kuni kavu, lakini hilo nimeshalipigia kelele mara nyingi.)

Kinachonikera zaidi ni hii: "Zimekaa mwaka mzima, fundi." Zimekaa wapi, na zikiwa namna gani? Unapelekwa nyuma ya nyumba, unakuta magogo mazima yenye gome, yamelala kwenye udongo, yamefunikwa turubai mpaka chini. Maji ya mti hutoka kwa urahisi kupitia ncha zilizokatwa na nyuso zilizopasuliwa, gome huyazuia. Gogo la namna hiyo halijakauka, limezeeka tu. Anza kuhesabu miezi siku uliyopasua. Mkaratusi hasa upasue ukiwa mbichi, maana ukikauka nyuzi zake zilizosokotana zitakutoa jasho. Panga juu ya mapaleti, weka bati juu, acha pembeni wazi upepo upite.

Na mtu huyohuyo, kuni zake kavu zikinyeshewa jioni moja, anapiga simu kama nyumba imeungua. Mvua hulowesha juu juu. Siku chache za upepo zinatosha kuikausha. Maji ambayo mti umezaliwa nayo yamo ndani ya nyuzi, na hayatoki kwa siku chache. Hayo ndiyo ya kuogopa.

Nairobi hapa, miezi ya kukausha ni Januari na Februari. Julai hakuna mvua ya maana lakini mawingu hayaondoki, na rundo linakaa vilevile. Wengi hununua Juni baridi ikibisha hodi, wakawasha usiku uleule. Mwati uliopasuliwa vyema kabla ya kiangazi nauamini ukifika Juni. Mutamaiyo mnene siugusi kabla ya mwaka kupita, na hata hapo naukagua.

Kuukagua kwenyewe kuna mushkeli. Vipimo vya pini, vile vya kuchomeka kwenye mti ili vionyeshe maji yaliyomo, huhesabu maji dhidi ya uzito wa mti mkavu, kwa hiyo kikisema 25, hiyo ndiyo 20 niliyoitaja hapo juu. Tena vingi vimesawazishwa kwa miti laini ya ng'ambo, na kwa mutamaiyo namba yake naichukulia kama fununu. Kugonganisha vipande viwili usikie mlio? Kuna siku mlio unanidanganya. Nyufa za kwenye ncha hutokea mapema mno, ndani kukiwa bado kumelowa. Ninachofanya ni kumwomba muuzaji apasue kipande kimoja mbele yangu, nichome pini katikati ya uso mpya, kisha niuguse kwa shavu. Ukiwa wa baridi, namwambia arudishe mzigo kwenye pikapu, na kama ana saiprasi ya mwaka jana anionyeshe.