Sindano ya shaba na mkate wa wishwa

Mwaka wangu wa tatu wa ualimu nilimnyima msichana mmoja alama, na mpaka leo sijasahau. Swali lilikuwa la kawaida: eleza sifa za mwana wa Liyongo, yule aliyemuua babake, shujaa wa hadithi za pwani yetu. Wenzake wote walinirudishia yale niliyowasomesha: msaliti, mwenye tamaa, katili, mwepesi wa kudanganyika. Yeye akaandika: "Alimpenda babake, ndiyo maana ilimchukua muda." Nikapitisha kalamu nyekundu, nikaandika pembeni "haihusiki". Leo, baada ya miaka ishirini na zaidi ya kusomesha fasihi hapa Lamu, naamini ni yeye peke yake darasani aliyekuwa ameisoma hadithi. Mimi mwalimu wake nilikuwa nimeisahihisha tu.

Orodha ya sifa ni rahisi kutia alama, ndiyo maana mitihani inaipenda. Lakini inatuonyesha mhusika akiwa ameshatenda na ameshahukumiwa. Kazi kubwa za fasihi hutupeleka nyuma kidogo, kwenye saa ile ambayo mtu ana jambo mkononi na bado anaweza kuliacha. Siku hizi nikitaka kumjua mtu wa kwenye kitabu nauliza alikuwa na nini upande huu na nini upande ule, na alipochagua, alipoteza nini.

Tuanze kwetu. Hadithi ya Fumo Liyongo wengi wetu tuliisikia kabla hatujajua kusoma. Utenzi wake unaojulikana zaidi uliandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa, mtu wa mji huu, bingwa wa hati na mchongaji wa mbao. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo na anataka afe. Hila ya kwanza ni ya kikoa: vijana wanakubaliana kula makoma, kila mmoja apande mkoma kwa zamu aangushe matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu, watampiga mishale. Liyongo anautazama mti, anautazama uso wa wenzake, kisha anachukua upinde na kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Hila zote zikishindikana, Pate wanamgeukia mwanawe. Na hapa utenzi una jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbio. Kijana huyu mamake ni wa Wagala, kama utenzi unavyowaita Waoromo. Wagala ndio waliomwoza Liyongo kwa kutaka mbegu ya shujaa ibaki kwao. Kwa hiyo mtoto alizaliwa kwa makubaliano ya watu wazima, damu yake nusu huku na nusu kule, na babake anasakwa. Pate wanamwahidi uwaziri na binti wa mfalme. Mtu aliyetulia kwao huiona ahadi hiyo kuwa ni rushwa. Kwa kijana asiye na mji, ni mji anaopewa. Simtetei. Alifanya jambo ovu, na yeye mwenyewe alijua. Lakini usipokiona alichokuwa akikitamani, huwezi kuona alichokikanyaga ili akipate.

Kisha angalia mwendo wake. Kwanza anamwuliza babake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Anajibiwa: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Hapo hajamgusa mtu. Anakwenda Pate na siri, anapewa sindano, anarudi. Safari hiyo ya kurudi ndiyo ninayoikalia kila mwaka ninapoisomesha hadithi hii. Anayeujua mwendo wa kutoka Pate kuja pande hizi anajua kwamba bahari haikupeleki kwa haraka zako. Maji yakitoka unangoja yajae. Kijana ana kitu kidogo ndani ya nguo, na ana muda. Sindano ni nyepesi. Angeifungua mikono, ingezama asijue mtu.

Tena sindano si kama upanga. Upanga mtu anaweza kuushusha kwa hasira ya mara moja. Sindano inataka aliyelala alale kweli, inataka ukae karibu naye uisikie pumzi yake, uondoe nguo, ukitafute kitovu kwa kidole. Na kitovu ndipo mtu alipofungamana na aliyemzaa. Sidhani mahali hapo palichaguliwa ovyo na vinywa vilivyoipokeza hadithi hii miaka na miaka.

Liyongo naye alichagua. Wapo wanaosimulia kwamba alitambua swali la mwanawe limetoka wapi, na mimi niko upande wao. Mtu aliyeuona mtego uliofichwa juu ya mkoma atashindwaje kuuona mtego unaokuja kwake kwa sauti ya mtoto wake? Akikataa kujibu, anakubali kwamba mwanawe ni adui. Akijibu, anakufa. Kuna wanafunzi wanaosema alikosa busara. Huwa nawaomba wawafikirie baba zao, kisha waniambie tena. Mara nyingi darasa hunyamaza.

Nimeikalia sana sindano hii kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kusoma vitabu vya mbali. Jioni huwa nakutana na vijana waliomaliza shule, na hujiunga nasi wazee wawili watatu, tunasoma tamthilia kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake. Macbeth ya Shakespeare tuliimaliza kwa wiki sita. Kabla ya kumuua mfalme Duncan, Macbeth anabaki peke yake, anajihesabia sababu za kutofanya hivyo, na hakosi hata moja: huyu ni jamaa yangu, ni mfalme wangu, tena ni mgeni wangu, na mwenyeji ndiye apasaye kumfungia mlango muuaji, seuze kushika kisu mwenyewe. Walimu wengi hukazia neno la pili, la mfalme. Kwetu lililogonga lilikuwa la tatu. Kijana mmoja, fundi wa majahazi, aliweka kitabu chini akauliza: "Mwalimu, amemlaza sabule, kisha amchinje?" Hakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo. Amekulia kwenye nyumba ambamo mgeni hukaribishwa dakani na kulazwa sabule, chumba cha wageni, na usingizi wake ni dhima ya mwenye nyumba.

Jambo la kutisha kwa Macbeth ni kwamba hakudanganywa kuhusu uovu wa tendo. Wachawi walimwambia atatawala, mkewe alimwita mwoga, lakini ile hesabu ya mema na mabaya aliifanya mwenyewe na akaipata sawasawa. Alijua jibu, akaandika lingine. Kuanzia hapo tamthilia nzima ni deni linalodaiwa. Usiku ule ule anasikia watu wakiomba dua, anataka kuitikia Amina, neno linamkwama kooni. Msomaji wetu mmoja, bibi anayejua kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu kuliko hizi za Kizungu, alitaka ukurasa huo usomwe mara tatu.

Brutus, katika Julius Caesar ya Shakespeare huyo huyo, ni shida nyingine kabisa, na nitampitia kwa ufupi ingawa nampenda. Kaisari hajamtendea kosa. Brutus anamhukumu kwa vile anavyoweza kuwa kesho, kama yai la nyoka linalovunjwa kabla halijaanguliwa. Anaua akiwa mwaminifu, na uaminifu wake unaangamiza nchi. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo, ikachapishwa mwaka 1963 akiwa ndiyo kwanza ameshika urais. Huwa nafikiria mezani kwake usiku, mtawala mpya akitafuta maneno ya Kiswahili ya watu wanaokula njama kumzuia mtawala asiwe mfalme.

Kwa Kiswahili chenyewe, njia panda iliyonisumbua kuliko zote ni ya Kinjeketile, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Wengi wanaijua historia: Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907, na maji yaliyosemwa yatageuza risasi. Katika tamthilia Kinjeketile ndiye aliyeleta maji hayo, na ndiye wa kwanza kuyatilia shaka. Neno limemtoka mdomoni, limewaunganisha watu waliokuwa wakichukiana, kisha limemzidi nguvu, nao wanakwenda vitani hawajawa tayari. Mwishoni amekamatwa. Anatakiwa aseme jambo moja: kwamba maji yalikuwa uongo.

Niliwahi kusomesha kwamba anakataa kwa sababu ni shujaa. Jibu hilo ni jepesi mno. Akisema maji ni uongo, atakuwa amesema kweli, angalau nusu ya kweli, kwa sababu watu wamekufa kwa risasi. Lakini kweli hiyo ikitoka kinywani mwake mbele ya Wajerumani, itatumika kuwaambia watoto wa kesho kwamba babu zao walikosea kupigania nchi. Ananyamaza ili kulinda kweli kubwa kwa kuibana kweli ndogo. Na waliokufa wakiyaamini maji, je? Mama zao wangepokea jibu gani? Hussein hakutupa jibu, na namshukuru kwa hilo. Kila mara tunapoifikia hapo darasa hugawanyika nusu kwa nusu, na siku hizi sifanyi juhudi ya kuwapatanisha.

Mgawanyiko mkali kuliko huo niliuona mwaka jana tuliposoma Antigone ya Sophocles, Myunani aliyeiandika zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Ndugu wawili wameuana kwenye lango la Thebes. Mmoja alikuwa akiulinda mji, mwingine, Polynices, alikuja na jeshi la kigeni kuushambulia. Mjomba wao Creon, mtawala mpya, anaamuru Polynices asizikwe, na atakayemzika auawe. Dada yake Antigone anatoka na kumfunika kwa mchanga.

Vijana wote walikuwa na Antigone papo hapo. Kwetu kumzika maiti ni faradhi ya kifaya: ikiwa hakuna aliyezika, dhambi ni ya mji mzima. Wakaona hakuna la kujadili. Kisha mzee mmoja mvuvi, ambaye wiki nzima alikuwa kimya, akasema: "Wanangu, mji umetoka vitani jana. Mlinzi na mshambuliaji mkiwazika sawa, mama wa mlinzi mtamwambia nini?" Akawauliza kama wanajua ni nani aliyewazika watu wa Pate na Mombasa waliokuja kuishambulia Lamu wakafa kwenye Vita vya Shela, dakika chache tu kutoka tulipokuwa tumekaa. Hakuna aliyejibu. Ndipo vijana walipoanza kuisoma tamthilia upya, wakakuta Creon naye ana hoja, na kwamba kosa lake limo katika kuing'ang'ania hoja hiyo hata baada ya mwanawe mwenyewe kumsihi. Anapogeuka amechelewa. Anakwenda kwanza kumzika maiti, kisha ndiyo anakwenda pangoni kumfungulia aliye hai, na huko anakuta Antigone amekwisha jinyonga.

Msichana mmoja alichukia mpangilio huo mpaka akasimama. "Angeanza na aliye hai!" alisema. Nikamwambia huo ndio usomaji.

Kuna mtu mmoja katika hadithi ya Liyongo ambaye bado sijapata kumsomesha ipasavyo. Ni Saada, kijakazi. Liyongo akiwa gerezani, ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula kutoka kwa mamake, na kila siku walinzi hukila kizuri wakamwachia kibaya. Kwa wimbo Liyongo anamwagiza Saada akamwambie mamake: aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, ndani yake atie tupa ya kukatia chuma. Mama anaoka na mikate mizuri kando. Walinzi wanaichukua mizuri, wa wishwa wanaudharau, tupa inafika, pingu zinakatwa usiku ngoma ikirindima.

Tunamsifu mama kwa werevu na Liyongo kwa utunzi. Lakini tupa ni chuma, na mkate wenye chuma ndani una uzito usio wa mkate. Aliyeubeba njia nzima alilijua hilo mikononi mwake. Walinzi wangeuvunja, Liyongo angebaki kuwa mtoto wa wafalme na mama yake kuwa mama yake. Saada hakuwa na wa kumwombea. Je, mtu asiyemiliki hata nafsi yake anaweza kuchagua? Alitumwa tu, au kuna mahali njiani aliposimama, akaupima mkate kwa mkono mmoja, kisha kwa wa pili, akaendelea kwenda? Utenzi haumpi ubeti wa kujisemea. Wiki ijayo nitawapa vijana kazi ya kuuandika wao.