Kufukia mbegu chini sana hakuyazuii mahindi kuanguka

"Fukia chini sana, mahindi yashike ardhi." Hii nimeisikia tangu utotoni, na misimu kadhaa niliifuata. Mahindi yenyewe hayaijui.

Ng'oa mche wa wiki tatu polepole, usuuze udongo. Chini kabisa utaona ganda la mbegu na vijizizi vichache. Juu yake kuna kijishina cheupe, chembamba, kisha fundo ambapo mizizi minene imeanza kuchomoza. Fundo hilo hukaa kama sentimita 2 chini ya uso wa udongo, uwe umepanda sentimita 5 au 10. Kijishina hurefuka gizani hadi ncha ya chipukizi ihisi mwanga, kisha husimama. Mizizi itakayoubeba mmea na kuulisha mpaka uzae hutoka kwenye fundo, si kwenye mbegu. Ukifukia zaidi unairefusha safari tu, na chakula cha njiani ni kile kilichomo ndani ya punje.

"Basi juujuu ndiyo salama, yanawahi kuota." Yanawahi, ndiyo, na kunguru nao wanawahi. Ukipanda kwa kina kisichofika sentimita 4, fundo hukaa juu zaidi, kwenye udongo unaokauka haraka. Mizizi mipya hunyauka kabla ya kuzama, na upepo ukija mahindi yanalala.

"Sentimita 5 popote." Kwa udongo wenye unyevu, sawa. Kwenye kichanga, au ukipanda vumbini kabla ya mvua kama wafanyavyo wengi Dodoma, shuka hadi 7 au 8, ili manyunyu ya siku moja yasiiamshe mbegu kisha jua likaiua. Wahopi wa Arizona, Marekani, hufikia hata sentimita 30 wakifuata unyevu, lakini mbegu yao imechaguliwa kwa vizazi vingi na kijishina chake ni kirefu ajabu. Usiwaige kwa mbegu chotara ya dukani.

Dhana inayonikera zaidi ni hii: "Mradi yameota yote, siku chache si kitu." Hapo ndipo magunia yanapopotelea. Mmea uliochelewa kwa majani mawili hufunikwa na jirani zake. Unakula mbolea ileile, kisha unatoa kigunzi cha kuchezea watoto, au bua tupu. Anayedondosha mbegu nyuma ya plau hupata mchanganyiko huo bila kukusudia, maana punje moja huangukia sentimita 6 na nyingine 15. Kurudishia mapengo baada ya wiki mbili hakusaidii, ni mimea mingine ya kivulini.

Mimi hutumia kijiti chenye alama ya kisu. Shimo likichelewa kuota, nalifukua. Nikikuta punje imeoza, nalaumu mbegu au maji. Nikikuta chipukizi la manjano limejikunja, majani yamefunguka humohumo udongoni, basi ama juu pameganda ukoko, ama mkono wangu ulizidisha.