Ufafanuzi kwa Umma: Anasi, Kayafa na Mavazi ya Kuhani Mkuu Chini ya Roma

Kila Pasaka inapokaribia, dawati la elimu la makumbusho hupokea swali lilelile: kama Luka 3:2 inawataja Anasi na Kayafa pamoja, je, Hekalu lilikuwa na makuhani wakuu wawili? Hapana. Aliyehudumu ni mmoja. Anasi aliwekwa na Quirinius, liwali wa Kirumi wa Siria, mwaka 6 B.K. na kuondolewa na liwali Valerius Gratus mwaka 15, lakini aliyeondolewa aliendelea kuitwa kwa cheo chake. Gratus aliweka na kuondoa wengine watatu kabla ya Kayafa, mkwe wa Anasi, aliyedumu miaka 18 hivi, hadi mwaka 36. Basi tunaomba walimu waache kufundisha kwamba cheo kilibadilishwa kila mwaka kwa sheria. Kilibadilishwa kwa matakwa ya mtawala.

Mkono wa Roma ulionekana wazi zaidi kwenye mavazi: joho lenye njuga na makomamanga pindoni, naivera (vazi la kikuhani la juu ya joho), kifuko cha kifuani chenye mawe 12 katika safu 4, bamba la dhahabu la kwenye paji la uso, pamoja na kanzu, kilemba, mshipi na suruali ya kitani. Yalifungiwa katika Antonia, ngome ya Warumi kando ya Hekalu, ndani ya chumba cha mawe, chini ya muhuri wa makuhani na watunza hazina, na mkuu wa ngome akiwasha taa humo kila siku. Utaratibu ulikuwa huu: siku 7 kabla ya sikukuu yalikabidhiwa kwa makuhani, yakatakaswa, yakavaliwa, na siku ya kwanza ya sikukuu ikiisha, yalirudishwa ngomeni. Vitellius, liwali wa Siria, aliyaachilia kwa makuhani, kisha Fadus, liwali wa Yudea, akataka yarudi Antonia. Mwaka 45 Kaisari Klaudio aliamua yabaki mikononi mwa Wayahudi.

Siku ya Upatanisho kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu akiwa na kitani nyeupe tu, bila dhahabu. Siku hiyo alioga mara 5, akanawa mikono na miguu mara 10. Ile kamba inayosemwa alifungwa mguuni ili avutwe nje akifia humo haimo katika Torati wala Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi). Ni masimulizi ya Zama za Kati, na tumekwisha kulieleza hili mara nyingi.

Masharti ya mwili nayo hayakuwa na msamaha. Mwaka 40 K.K. kuhani mkuu Hyrcanus alikatwa masikio makusudi, kwa kuwa mwenye kilema hakuruhusiwa kuhudumu tena.

Wakati wa vita dhidi ya Roma waasi wa Kiyahudi walipiga kura kumpata kuhani mkuu, ikamwangukia Phannias, mtu wa kijijini. Walimvika mavazi, kisha wakaanza kumwelekeza afanye nini.