Mahakama Kongwe ya The Hague na Majahazi ya Wasuri

Ukimtajia Mkenya The Hague, mawazo yake yanakimbilia kesi za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Hiyo ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoanza 2002, nayo hushitaki watu, si nchi. Wengine hudhani mahakama ya kwanza ya mataifa ni ile ya Umoja wa Mataifa, ilhali hiyo ilirithi kiti cha nyingine iliyofunguliwa 1922. Kongwe kuliko zote mjini humo ni Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, iliyotokana na mkutano wa 1899 ulioitishwa na Tsar Nicholas II wa Urusi. Hata lile Kasri la Amani tunaloliona kwenye taarifa za habari lilijengwa kwa ajili yake, kwa dola milioni 1.5 za tajiri Andrew Carnegie, likafunguliwa 1913.

Dhana: majaji walikuwa wakikaa humo mwaka mzima wakingoja kesi. La. Kilichodumu ni ofisi ya makarani pamoja na orodha ya majina. Kila nchi mwanachama huteua watu wasiozidi wanne. Nchi zikigombana huandikiana mkataba unaotaja swali lenyewe, huchagua wasuluhishi wao, na hukumu ikitoka jopo linavunjika. Marekani na Mexico ndizo zilizofungua dimba mwaka 1902.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba yalikuwa mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Shauri la 1905 lilihusu majahazi. Wasuri, mabaharia wa mji wa Sur huko Oman waliofika pwani yetu na kaskazi, walikuwa raia wa Sultani wa Muscat, lakini baadhi yao walipeperusha bendera ya Ufaransa. Faida yake ilieleweka: manowari za Uingereza zilizosaka watumwa baharini hazikuwa na ruhusa ya kupekua chombo cha Mfaransa. Uingereza ikalalamika kwamba Ufaransa inavunja tamko la 1862, ambamo zote mbili ziliahidi kuheshimu uhuru wa masultani wa Muscat na Zanzibar.

Uingereza ilimchagua Melville Fuller, Jaji Mkuu wa Marekani. Ufaransa ikamchagua Savornin Lohman wa Uholanzi. Mfalme wa Italia akamteua Heinrich Lammasch wa Austria kuwa mwamuzi wa tatu. Tarehe 8 Agosti 1905 waliamua kwamba tangu Januari 2, 1892, Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani, isipokuwa waliothibitika kuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa kabla ya 1863. Ruhusa hiyo haikuweza kupewa mtu mwingine, wala kuhamishiwa jahazi jingine la mwenye ruhusa yuleyule. Nayo haikumtoa nahodha wala mabaharia wake chini ya mamlaka ya Sultani. Sultani mwenyewe, Faisal bin Turki, hakuwa upande wowote wa shauri. Waliosimama ni Ufaransa na Uingereza tu.

Na wanaosema mahakama hiyo ilikufa zamani? Ipo. Ndiyo iliyokuwa masjala ya tume ya mpaka wa Eritrea na Ethiopia, iliyoipa Eritrea mji wa Badme mwaka 2002. Polisi wa kukazia hukumu hakuna: Ethiopia ilitangaza kuikubali kikamilifu mwaka 2018.