Studio ndogo ya gemu ni nini? Tuitazame Treasure ya Japani

Gemu ya video hadi ifike dukani, mara nyingi imepita mikononi mwa kampuni mbili. Kuna studio, yaani waandishi wa programu, wachoraji, wabunifu na watunzi wa muziki wanaoitengeneza. Halafu kuna mchapishaji, ambaye hutoa fedha, hulipia kaseti au diski, huitangaza na kuisambaza. Kampuni kubwa kama Nintendo, Sega na Konami hufanya kazi zote mbili. Studio ndogo kwa kawaida hufanya ile ya kwanza tu, na hapo ndipo udogo wake ulipo: inaweza kuwa na mafundi hodari kuliko wa kampuni kubwa, lakini mfuko uko kwa mwingine. Ni kama fundi cherehani anayeshonea kitambaa cha mteja. Mkono ni wake, mshono anauchagua mwenye kitambaa.

Mfano ninaoupenda ni Treasure. Ilianzishwa mwaka 1992 na kikundi cha watu waliotoka Konami, wakiongozwa na Masato Maegawa. Ndani ya Konami walikuwa wamependekeza gemu mpya kabisa ya kukimbia na kufyatua risasi, wakakataliwa. Wakati huo kampuni hiyo ilizidi kuegemea miendelezo ya gemu zilizokwisha kupata jina, na kwa upande wa hesabu haikukosea, kwa kuwa mwendelezo una wanunuzi wanaojulikana tangu mwanzo. Maegawa na wenzake hawakutaka kuendelea hivyo, wakaondoka.

Wakaenda kwa Sega. Huko nako walikutana na kikwazo kinachozikabili studio changa zote: hawakuwa na kazi hata moja iliyobeba jina lao. Sega ikawapa kwanza agizo la gemu ya matangazo ya McDonald's, na ruhusa ya kutengeneza ile waliyoitaka wenyewe ikaja baadaye. Hivyo wakafanya mbili kwa pamoja. Yao, Gunstar Heroes, ndiyo iliyotangulia sokoni, Septemba 1993, kwenye mashine ya Mega Drive ya Sega. Mashine hiyo waliichagua kwa sababu ya kichakataji chake, Motorola 68000, kilichowawezesha kujaza kioo kwa maadui na milipuko kwa namna waliyoona ingekuwa vigumu kwenye Super Famicom ya Nintendo. Hata leo ukiicheza utashangaa mambo mangapi yanatokea kwa wakati mmoja bila picha kukwama.

Mashabiki hupenda kusimulia kwamba Treasure ilikataa katakata kufanya miendelezo na kazi za majina ya watu wengine. Hadithi ni tamu, ila orodha ya kazi zao haiiungi mkono. Mwaka 2003 walitengeneza Wario World kwa ajili ya Nintendo, na mwaka huohuo wakashirikiana na Hitmaker ya Sega kwenye gemu ya Astro Boy ya Game Boy Advance. Mwaka 2004 wakatoa Gradius V, toleo la tano la jina la kale la Konami, na aliyewapa kazi hiyo ni Konami yenyewe, waliyoikimbia miaka kumi na miwili nyuma. Sioni usaliti hapo. Agizo lenye malipo ya uhakika ndilo linalolipa mishahara wakati wazo la studio lenyewe bado halijaiva.

Na mawazo hayo yalipoiva, matunda yake yalionekana. Radiant Silvergun ya mwaka 1998 na Ikaruga ya mwaka 2001, zote chini ya uongozi wa Hiroshi Iuchi, zilianzia kwenye mashine za sarafu za kumbi za michezo za Japani. Kanuni ya Ikaruga inaelezeka kwa sentensi mbili. Chombo chako hubadilika rangi, cheupe au cheusi. Risasi za rangi yako unazimeza na kuongeza nguvu, za rangi nyingine zinakuua. Kuelewa ni dakika moja, kumudu ni kazi ya miezi.

Katika Ikaruga Treasure ilisaidiwa na studio nyingine changa, G.rev, iliyoundwa mwaka 2000 na watu waliotoka Taito, kampuni nyingine ya gemu ya Japani. G.rev ilichukua vibarua vya namna hiyo, Gradius V ikiwemo, ili ipate fedha za gemu yake yenyewe, Border Down, iliyotoka mwaka 2003. Kwa hiyo studio ndogo huweza kuwa mwajiriwa wa mchapishaji na wakati huohuo mwajiri wa studio iliyo ndogo zaidi.

Jambo linaloamua maisha ya studio kwa muda mrefu ni haki za kazi. Gemu ya agizo kwa kawaida hubaki mali ya aliyelipa, na watengenezaji hawawezi kuirudisha sokoni bila yeye. Sin and Punishment, ambayo Treasure iliitengeneza pamoja na Nintendo, ilitoka Japani tu mwaka 2000 kwenye Nintendo 64. Wachezaji wa Marekani na Ulaya walisubiri hadi mwaka 2007 Nintendo ilipoiweka kwenye duka la mtandaoni la Wii, na mwendelezo wake ukafuata mwaka 2009. Ikaruga ilikuwa na njia nyingine. Mwaka 2014 Treasure yenyewe iliiingiza kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, bila kumbembeleza mchapishaji.

Mwaka huohuo wa 2014 ilitoka Gaist Crusher God, kazi ya Capcom kwa ajili ya Nintendo 3DS. Baada ya hapo jina la Treasure limeonekana zaidi kwenye gemu za zamani zinazohamishiwa mashine mpya: Ikaruga ilifika Nintendo Switch mwaka 2018, na Radiant Silvergun ikafuata mwaka 2022.